Utitiri mwekundu katika nyanya za nyuma ya nyumba

Nyanya zangu zilianza kupauka katikati ya Januari, wakati mvua za vuli zilikuwa zimekwisha kukatika na jua la Moshi limeshika kweli kweli. Yalikuwa mashina 40 ya nyanya aina ya Tanya, yamefungwa kwenye vijiti kwa kamba za mgomba, katika ukanda mwembamba ulio kati ya ukuta wa jiko na uzio wa michongoma. Upande wa pili wa uzio inapita barabara ya udongo ambayo bodaboda na malori ya mchanga huanza kuitimua vumbi tangu alfajiri. Majani ya chini yalipata vidoa vidogo vyeupe, vingi mno, kana kwamba mtu ameyachoma kwa ncha ya sindano usiku kucha. Nilidhani mimea ina njaa ya mbolea, nikatia urea. Baada ya wiki moja majani yale yale yalikuwa yamegeuka rangi ya shaba, mengine yamekauka na kuning'inia, na matunda yaliyokuwa yameanza kujaa yakabaki uchi juani hadi yakaungua mabega.

Kosa langu, hata hivyo, lilikuwa limeanza kabla ya hapo. Tangu mwanzoni mwa Desemba nilikuwa nikipiga dawa kila Jumamosi kwa hofu ya kantangaze, yule nondo mdogo aliyeripotiwa nchini mwaka 2014, mkoani Arusha, ambaye viwavi wake huchimba njia ndani ya majani na kutoboa matunda. Mkulima yeyote wa nyanya wa ukanda huu anayeikumbuka miaka ile ya mwanzo ataelewa kwa nini hofu hiyo haijatutoka hadi leo. Dawa niliyouziwa ilikuwa ya jamii ya pairethroidi, ambayo huua wadudu wengi wa aina nyingi kwa mara moja. Majani yalipopauka nilirudi kwenye duka lile lile la pembejeo, nikaeleza dalili kwa mdomo bila kubeba hata jani moja la kuonyesha, nikapewa dawa nyingine ya jamii hiyo hiyo iliyosifiwa kuwa kali zaidi. Niliipiga mara mbili. Baada ya hapo ndipo utando ulipotokea kwenye machipukizi ya juu, mwembamba na wenye vumbi, ukiyafunga majani machanga pamoja kama uzi uliochanganyikana.

Aliyenifumbua macho ni mama mdogo, ambaye analima mboga Tengeru, karibu na Arusha, kwa miaka mingi na kuziuza mnadani. Alipita kwetu akitoka msibani Kibosho, na mara baada ya kuamkiana, hata chai haijamiminwa, akaomba kuiona bustani. Alisimama mbele ya shina la kwanza akalitazama kitambo.

"Umegeuza jani?" akaniuliza.

"Naangalia kila siku, mama mdogo."

"Unaangalia juu, mwanangu. Wao wanakaa chini."

Alitoa mkobani kioo cha kukuzia, kile anachotumia kusomea Biblia yake yenye herufi ndogo, akalishika jani la chini na kuligeuza tumbo juu. Nilipoinama kuchungulia, niliona kandokando ya mshipa mkubwa wa jani vijidudu vya rangi ya chungwa lililoiva, vidogo kuliko punje ya chumvi, vikitambaa polepole bila haraka yoyote. Katikati yao kulikuwa na mayai ya mviringo, maangavu kama matone ya maji yaliyogoma kuanguka, na pembeni yametapakaa maganda meupe ambayo wao huyavua wanapokua. Mama mdogo akapitisha kidole gumba juu ya jani hilo mara moja, akanionyesha. Kidole kilikuwa na alama ya rangi ya kutu.

Huo ndio utitiri mwekundu, ambao wengine huwaita buibui wekundu. Neno lenyewe utitiri tunalifahamu zaidi kwa wafugaji wa kuku, na magazeti hulitumia kwa kitu chochote kilichozidi idadi, kama mtu anapolalamikia utitiri wa maduka ya vileo mtaani. Maana zote mbili zinafaa hapa, kwa kuwa udogo na wingi ndizo silaha mbili za kiumbe huyu, na nyingine anazo chache sana.

Katika mazungumzo ya kila siku tunamwita mdudu, nami nitaendelea kumwita hivyo pale inapobidi, lakini ni lazima tuelewe kwamba kwa wataalamu wa viumbe yeye si mdudu hata kidogo. Ana miguu 8, na jamaa zake ni buibui, kupe na nge. Akitoka kwenye yai huwa na miguu 6 tu, kisha anajivua ngozi mara 3 hadi kufikia utu uzima, akiwa na urefu usiofika au unaokaribia tu nusu milimita. Tofauti hiyo inaweza kuonekana kama jambo la darasani, ila ndiyo iliyonigharimu bustani. Dawa nyingi zinazouzwa kwa ajili ya wadudu haziutulizi utitiri, na baadhi yake huusaidia, kwa sababu hufyeka viumbe wanaoula: vijidudu jamii ya bibiarusi vyeusi visivyozidi kichwa cha pini, vithripsi vinavyowinda, na utitiri wa aina nyingine ambao chakula chao ni huu utitiri wenyewe. Nilipokuwa nikijiona hodari kwa kupiga dawa kila Jumamosi, nilikuwa nikiwaondoa walinzi na kumwachia mwizi mlango wazi.

Kasi yake ya kuzaliana ndiyo inayowashangaza watu, nayo hutegemea sana joto. Penye nyuzi 30 hivi, kutoka yai hadi mzazi huchukua takriban wiki moja. Penye nyuzi 20 huhitaji zaidi ya wiki mbili. Jike moja linaweza kutaga mayai zaidi ya 100 katika maisha yake mafupi, na hata lisipopata dume litataga tu, ila mayai hayo yasiyorutubishwa hutoa madume, ambayo baadaye hupandana na mama yao na kizazi kikaendelea. Kwa hiyo jike moja lililopeperushwa na upepo hadi kwenye shina lako linatosha kuanzisha ukoo mzima. Mji wa Moshi uko kwenye mwinuko wa mita 800 hadi 900 hivi, na Arusha iko kwenye mita 1,400 hivi. Ndiyo maana mama mdogo huko Tengeru anaweza kukawia siku kadhaa bila madhara makubwa, wakati mimi nikikawia siku hizo hizo katika Februari ya Moshi, nakuta kizazi kingine kimekwisha kuzaliwa. Mwezi wa Julai, ukungu unapotanda na watu kuvaa masweta, utitiri hupungua wenyewe hadi unasahau kama upo.

Madhara yake hayatokani na kutafuna. Mdomo wake ni kama sindano mbili zinazotoboa chembe za jani na kunyonya kilichomo ndani, pamoja na ile rangi ya kijani ambayo mmea huitumia kujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Kila kidoa cheupe ni mahali palipokwisha kunyonywa. Vidoa vikiungana, jani hupoteza kijani chote, hukauka, na shina lisilo na majani haliwezi kuyajaza matunda yake. Utitiri ukizidi na chakula kikipungua, wote hupanda juu hadi ncha ya mmea na kurundikana hapo kama kifundo cha vumbi jekundu linalotembea, wakiteremka kwa nyuzi nyembamba na kuchukuliwa na upepo. Ukiupita mmea wa namna hiyo na kuugusa kwa mkono wa shati, umewapa usafiri hadi shina la mwisho la bustani. Tangu nijue hilo, huanza kazi upande wenye afya na kumalizia upande wenye ugonjwa, na shati nililovaa haliingii tena bustanini kabla ya kufuliwa.

Zipo jamii zaidi ya moja. Ipo ile yenye rangi ya kijani-manjano na madoa mawili meusi mgongoni, inayoitwa kitaalamu Tetranychus urticae, ambayo hula mimea ya kila namna kuanzia maharage hadi mawaridi ya kwenye mabanda ya maua. Ipo pia Tetranychus evansi, nyekundu iliyokolea zaidi, ambayo asili yake ni Amerika ya Kusini na ambayo ilianza kuripotiwa kusini mwa Afrika mwishoni mwa miaka ya 1970 kabla ya kusambaa huku kwetu. Nyanya yenyewe asili yake ni bara hilo hilo, na kantangaze pia ametoka huko, kwa hiyo tulichokipokea ni mmea kwanza na maadui zake baadaye, huku wale waliokuwa wakiwawinda maadui hao wakibaki kwao. Evansi ana uwezo mmoja unaonitisha: watafiti wamegundua kwamba anaponyonya nyanya huizima ile kinga ambayo mmea kwa kawaida huiamsha unaposhambuliwa, na jani linabaki kama mtu aliyelala usingizi wakati nyumba inaibiwa. Vilevile utitiri mwindaji anayefugwa na kuuzwa duniani kwa ajili ya kumla yule mwenye madoa mawili hafanikiwi sana akipewa evansi. Kwa sisi wa bustani za nyumbani si rahisi kuwatofautisha kwa kioo cha kusomea, kwa kuwa hata yule wa madoa mawili anaweza kuwa mwekundu, lakini ipo dalili moja nzuri ya kutazama, nayo ni mnafu.

Hapa nina jambo la kuwaambia wasomaji wa Kilimanjaro na Arusha hasa. Mnafu ni mboga yetu, hakuna nyumba ya Kichaga au ya Kimeru isiyoupika, na wengi wetu huuacha uote popote pale unapojiotea kwa sababu ni chakula cha bure. Mimi nilikuwa na mstari wa mnafu kandokando ya nyanya, umbali wa hatua moja tu. Lakini mnafu, ngogwe, biringanya, viazi mviringo na nyanya ni ukoo mmoja, na evansi anaupenda mnafu kama anavyoipenda nyanya, pengine zaidi. Nilipougeuza mnafu wangu, nilikuta upande wa chini umejaa. Ulikuwa unaishi na utitiri tangu kiangazi cha Septemba bila mimi kujua, kwa sababu tulikuwa tukichuma machipukizi ya juu na kuyaacha majani ya zamani. Nyanya zilipopandwa hapo jirani zilikuta adui amekwisha kujenga.

Niling'oa mnafu wote. Bibi yao watoto hakufurahi, na kwa haki, kwa maana aliupanda kwa mkono wake. Nilimwahidi kwamba utapandwa tena ng'ambo ya nyumba, upande ambao upepo wa kawaida hautokei kwenda kwenye nyanya, na ahadi hiyo nimeitimiza. Pamoja na mnafu nikang'oa mashina 9 ya nyanya ambayo hayakuwa na matumaini. Namna ya kung'oa ina umuhimu wake. Sikuyaburuta kati ya mistari, bali nilipeleka mfuko wa mbolea wenye nailoni ndani hadi kwenye shina, nikalifunika kwa juu kwanza, kisha nikalikata chini na kufunga mfuko pale pale. Baadaye niliyachoma. Ukiyatupa kwenye lundo la mboji, majani yanaponyauka utitiri hutoka kutafuta chakula kingine, na miguu yao 8 inatosha kuwarudisha ulikowatoa.

Kwa mashina 31 yaliyobaki, dawa ya kwanza ilikuwa maji. Nilikuwa nimesikia ushauri huo zamani nikaudharau, kwa kuwa maji hayana chupa wala picha ya nyanya nyekundu kwenye kibandiko. Nilifunga mpira kwenye bomba la uani, nikabana mdomo wa mpira kwa kidole ili maji yatoke kwa nguvu ya wastani, na kwa mkono wa kushoto nikawa nageuza majani huku nikiyapiga kutoka chini kwenda juu, shina baada ya shina. Kazi hiyo ilinichukua dakika 50 mara ya kwanza. Maji huwaangusha utitiri, huvunja utando wao, huondoa vumbi, na unyevu wenyewe huwakera kwa kuwa wao ni viumbe wa ukame. Nilifanya hivyo kila baada ya siku 2, saa moja asubuhi, ili jua liyakaushe majani mapema. Saa nayo ni jambo la kuzingatia, kwa maana jani la nyanya linalolala na maji usiku hualika ugonjwa wa bakajani, na hakuna faida ya kutoka kwa adui mmoja kwenda kumkabidhi mwingine nyumba. Wakati wa masika na katika siku za baridi za Juni na Julai sithubutu kuosha majani kabisa.

Baada ya maji ilifuata sabuni. Nilitumia sabuni ya mche ya kawaida, si sabuni ya unga, kwa kuwa ile ya unga ina vitu vingine vinavyounguza majani. Nilikuna gramu 100 hivi, nikaziyeyusha katika maji ya moto, nikachuja kwa kipande cha kanga kuukuu ili nozeli isizibe, kisha nikaongeza maji hadi kutimia lita 10. Nilijaribu shina moja kwanza na kusubiri siku 2. Majani hayakuungua, nikaendelea na mengine. Sabuni huua utitiri ulioguswa tu. Ikikauka haina nguvu tena, na mayai mengi huyaacha salama, kwa hiyo mtu akipiga mara moja na kuondoka anakuwa amepunguza wazee na kuwaacha watoto wazaliwe kwa nafasi. Nilirudia kila baada ya siku 5, mara 4 mfululizo, jioni jua likiwa limelegea, nikielekeza bomba la mgongoni chini ya majani. Sehemu ya juu ya jani karibu haina kazi. Kama maji yenu ni magumu, yale ambayo sabuni haitoi povu ndani yake, tumieni ya mvua, kwa kuwa ugumu wa maji huipunguzia sabuni nguvu.

Katika mzunguko wa tatu niliibadilisha sabuni kwa mwarobaini. Mwarobaini unamea vizuri tambarare za chini ya Moshi, na mbegu zake tulizipata kwa kuokota. Tulizimenya, tukatwanga gramu 500 za kiini, tukaloweka katika lita 10 za maji usiku mzima, tukachuja na kutia sabuni kidogo ili dawa ishike kwenye jani. Nayo ni ya jioni tu, kwa sababu mwanga wa jua huivunja upesi. Haiui papo hapo kama watu wanavyotarajia, bali hupunguza ulaji na uzazi, na anayetaka kuona mizoga kesho yake asubuhi atavunjika moyo bure.

Majivu nilikuwa nimeyajaribu kabla ya ujio wa mama mdogo, kwa ushauri wa jirani mwenye nia njema. Sitayatumia tena kwenye majani. Nikifikiri vizuri, majivu juu ya jani yanafanya kazi ile ile ya vumbi la barabarani: huwasumbua wawindaji wadogo kuliko yanavyousumbua utitiri. Maji ya pilipili nayo sikuona matokeo yake, isipokuwa machoni mwangu.

Sasa niseme kuhusu viuatilifu vya dukani, kwa kuwa sipingani navyo kama vinatumika inavyostahili. Zipo dawa zilizotengenezwa mahususi kwa ajili ya utitiri, na abamektini ndiyo inayofahamika zaidi huku kwetu. Shida ni kwamba utitiri huzoea dawa haraka kuliko takriban kiumbe mwingine yeyote wa shambani. Yule mwenye madoa mawili amekwisha kuripotiwa duniani kuwa sugu kwa viambato zaidi ya 90. Sababu ni hesabu nyepesi: vizazi vingi kwa msimu mmoja, na wachache wanaonusurika kila mara ndio wanaokuwa wazazi wa kizazi kinachofuata. Kwa hiyo anayelazimika kutumia dawa asirudie jamii moja mara kwa mara, na jamii haitambuliki kwa jina la kibiashara wala rangi ya chupa, bali kwa kiambato kilichoandikwa kwa herufi ndogo na, mara nyingi, namba ya kundi kwenye kibandiko. Chupa mbili zenye majina tofauti zinaweza kuwa kitu kimoja kabisa, kama ilivyonitokea mimi Januari. Angalieni pia kama dawa imesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, ambayo makao yake makuu yako hapa jirani, Arusha, na muheshimu siku za kungoja kati ya kupiga dawa na kuvuna. Nyanya za nyuma ya nyumba ndizo zinazochumwa na watoto na kuliwa bila kuoshwa, na jambo hilo peke yake lilinitosha kuanza na maji na sabuni. Abamektini ni hatari kwa nyuki pia, nasi tuna mizinga miwili ya jirani nyuma ya uzio. Salfa ya kuchanganya na maji nayo huutuliza utitiri, lakini jua likipanda zaidi ya nyuzi 30 inaweza kuunguza majani, tena haifai kukaribiana kwa majuma mawili na dawa yoyote ya mafuta, kwa hiyo kwa Februari ya Moshi niliiacha.

Kufikia wiki ya tatu ya Februari machipukizi mapya yalitoka yakiwa ya kijani kibichi, bila kidoa. Majani yaliyokwisha kugeuka shaba hayakurudi, wala hayarudi kamwe, na msomaji asiyajali hayo anapotaka kujua kama ameshinda. Atazame majani machanga. Nilivuna kutoka mashina 27, nyanya ndogo kuliko kawaida, ila zilitosha nyumba na ndoo moja ya kupeleka sokoni Mbuyuni.

Msimu uliofuata nilibadilisha mambo kadhaa. Chini ya mashina nilitandaza majani makavu ya migomba, unene wa kiganja, ili udongo usikauke, kwa kuwa mmea wenye kiu hushambuliwa vikali zaidi. Urea niliiacha, nikatumia samadi iliyooza vizuri, maana naitrojeni ikizidi hulifanya jani kuwa laini na utitiri hustawi juu yake. Kipande cha barabara kilicho mbele ya uzio hukinyunyizia maji yaliyotumika kufulia jioni za kiangazi, na vumbi limepungua hata sebuleni. Majani yote yanayogusa udongo huyaondoa mara mmea ukifika kimo cha goti. Kuhusu kantangaze, sipigi tena dawa kwa kalenda. Nimetundika mtego wenye harufu ya kuvutia nondo dume, majani yaliyochimbwa nayachuma na kuyachoma, na ninapolazimika natumia ile dawa ya bakteria iitwayo Bt, ambayo huua viwavi na kuwaacha wawindaji wa utitiri wakiwa salama.

Kilichonisaidia kuliko yote hayo, hata hivyo, ni kuangalia kwa ratiba. Kila Jumatano na Jumapili nachagua mashina 10, yakiwemo lazima yale ya kandokando ya uzio kwa sababu ndiko upepo na vumbi vinakoingilia. Kwa kila shina nageuza majani 3: moja la chini, moja la katikati, moja la juu. Nikitilia shaka naligonga jani juu ya karatasi nyeupe na kuhesabu sekunde chache. Vumbi hutulia, utitiri hutembea. Vinavyotembea polepole ni adui. Kimoja kinachokimbia huku na huko, king'avu na chenye umbo kama tone, mara nyingi ni mwindaji, na nikimwona huyo naliacha shina lile bila sabuni kwa siku kadhaa nimpe nafasi ya kufanya kazi yake. Naandika tarehe na idadi kwenye daftari la shule lililobaki na kurasa. Ukiukuta utitiri ukiwa kwenye majani mawili matatu, kuyachuma hayo na kuyatia mfukoni ni kazi ya dakika moja. Ukiukuta kileleni mwa mmea na utando juu yake, shina hilo si la kuokoa tena.

Wiki iliyopita mama mdogo alikuja tena, safari hii kuchukua miche 20 ya kupeleka Tengeru. Nilikuwa nimeiandaa kivulini tangu asubuhi, nimeifungia majani ya mgomba yaliyolowa. Alinishukuru, akaketi kwenye kigoda, akafungua kifurushi nilichokuwa nimekifunga vizuri, akatoa kioo chake mkobani, na akaanza kuugeuza mche mmoja mmoja, jani kwa jani, hadi wa mwisho.